Kingamwili Chanya

Karatasi ile niliitoa mwenyewe kwenye mfuko wa sketi ya mwanangu, na hakuna aliyenituma. Naanza na hilo ili mama mwenzangu unayesoma usitafute wa kumlaumu.

Mimi ni dobi. Nimefua na kupiga pasi nguo za watu miaka ishirini na mbili, na kazi yetu ina amri moja: pekua mifuko kabla hujaloweka. Nimekuta humo funguo, meno ya bandia, na barua za mapenzi ambazo wake wa wenye suruali wangezimia kuziona. Sikusoma hata moja. Kitu cha mteja unakikunja, unaweka pembeni, unanyamaza. Lakini sketi ile ilikuwa ya mwanangu, nami nikajiambia cha mwanangu ni changu.

Ilikuwa imekunjwa mara nne. Chini ya jina la maabara palikuwa na mstari mmoja tu: "Herpesi 2, kingamwili: 1.6. CHANYA."

Shule niliishia la saba, lakini kusoma najua. Kinga najua ni nini. Mwili najua ni nini. Na chanya naisikia redioni kila asubuhi nikipiga pasi, yule mtangazaji mwenye sauti ya asali akituambia tuwe na mtazamo chanya, tuwe na fikra chanya. Nikaunganisha maneno yangu matatu, nikapata kwamba mwanangu ana kinga ya mwili nzuri kupita wenzake. Herpesi nikadhani ni jina la mashine. Ile mbili nikadhani ni mashine namba mbili.

Nikaibusu ile karatasi. Nikaitia kwenye matiti yangu nikaendelea kufua, naimba.

Kupima kwenyewe nilikulazimisha mimi. Mimi ni mwoga; mtoto wa jirani akikohoa, wangu ndiye ninayemvalisha sweta. Posa ilipokaribia nikasema sitaki kusikia tarehe ya harusi mpaka wote wawili wapimwe kila kitu, kuanzia unyayo hadi utosi. Mwanangu akasema, "Mama, mimi siumwi popote." Nikamwambia, "Ndiyo maana upime." Huko maabara wakamwambia kuna kipimo cha jumla chenye kila kitu ndani yake, akakubali ili nimwache apumue.

Mchumba wake tulimwita Robo, na jina hilo alilipata kwangu. Ni fundi mizani. Mwaka mmoja nyuma alikuja kutengeneza mizani ninayopimia nguo za wateja, akaikuta inaonyesha robo kilo na juu yake hakuna hata leso.

"Mama," akasema, uso mkavu kabisa, "kumbe unawafulia watu mpaka hewa?"

Mwanangu, ambaye ni mwalimu wa chekechea, alikuwa nyuma anakunja shuka. Akacheka mpaka akakalia kapu. Robo akageuka kuona nani anacheka hivyo, na kugeuka kule, ndugu yangu, hakukuisha. Tangu siku ile mizani yangu ikawa inaharibika kila Jumamosi, siku ambayo chekechea hawasomi.

Sasa njoo tuingie sebuleni kwangu, Jumapili ile ya aibu yangu.

Upande wao alikuja shangazi yake Robo aliyemlea, mwanamke mwenye shingo iliyonyooka, aliyekaa miaka mingi kwenye dirisha la mapokezi la zahanati. Robo alikaa pembeni yake na shati nililompigia pasi mimi mwenyewe. Mwanangu alikuwa jikoni anaandaa chai.

"Mwenzangu," shangazi akaanza, "uliomba wapimwe. Sisi wetu kapima, yuko salama. Ninyi je?"

Hapo ndipo ulimi wangu uliponitoroka.

"Salama tu?" nikasema. "Sisi salama tumeipita jana. Binti yangu ana kingamwili chanya!"

Kikombe cha maji mkononi mwa shangazi kikasimama njiani.

"Kingamwili ya nini?"

"Si ya mwili, dada? Kinga gani tena isiyokuwa ya mwili?" Nikaichomoa karatasi, nikaikunjua, nikaisoma kwa sauti ileile ninayosomea risala kwenye kikundi chetu cha kina mama. "Herpesi mbili. Kingamwili, moja nukta sita. Chanya! Tena kwa herufi kubwa."

Hakuna aliyepiga kigelegele. Nilimwangalia Robo, naye alikuwa hanitazami mimi. Alikuwa anatazama mlango wa jikoni, na mlangoni mwanangu alikuwa amesimama na sinia.

"Mama," akasema taratibu. "Umeitoa wapi hiyo?"

"Kwani nini? Si jambo jema?"

Shangazi akaweka kikombe chini. "Mwenzangu, herpesi ni malengelenge. Ya sehemu za siri. Hayo mtu hayapati kwa kushikana mikono."

Sijui nilisema nini. Nadhani nilisema "haiwezekani", nadhani nilisema "mashine imekosea", maneno ya mtu anayezama akishika maji.

Robo akasimama. "Mwalimu," akasema, ndivyo alivyomwita siku zote, na siku zote neno hilo lilikuwa tamu mdomoni mwake. Siku hiyo lilitoka limekauka. "Ni kweli?"

"Nilitaka kukwambia Jumatano inayokuja, tukiwa wawili. Kwanza nilitaka kumwona daktari, nijue ninachokwambia."

"Nani?"

"Nani nini?"

"Nani aliyekupa?"

Mwanangu akaliweka sinia mezani kwa uangalifu, hakumwaga hata tone.

"Hilo ndilo swali lako la kwanza, Robo? Hukuuliza naumwa? Hukuuliza nimelala siku ngapi bila usingizi?"

Shangazi akainuka, akamgusa Robo kiwiko. "Twende. Leo tumefika siku mbaya." Wakatoka. Shati nililolinyoosha likatoka nao.

Nikabaki na mwanangu na chai ya watu wanne. Nilitamani anipigie kelele. Hakupiga. Akaja akaichukua ile karatasi mkononi mwangu, akaikunja mara nne kama ilivyokuwa.

"Mama, vya mifuko ya wateja huwa unavisoma?"

"Hapana, mwanangu."

"Basi ungenifanya mteja."

Akaingia chumbani, akafunga mlango bila kuubamiza.

Wiki ile nilijua uzito wa macho. Sokoni nikiona wanawake wawili wanaongea nilijua wanamwongelea mwanangu, hata kama waliongelea nyanya. Nilipita uchochoroni. Shuka za wateja niliziunguza mbili. Mwanangu alizima simu, akawa anaondoka kwenda kazini alfajiri, akirudi anakula amesimama. Mimi nilikuwa natafuta pa kuanzia kuomba msamaha, kila nikifungua mdomo naona ileile sauti yangu ya risala inataka kutoka.

Alhamisi akasema bila kunitazama, "Kesho naenda kwa daktari. Ukitaka kuja, njoo. Lakini mama, utakaa kimya."

Daktari alikuwa mwanamke mfupi, miwani yake imefungwa uzi mweusi upande mmoja. Akaisoma karatasi, akamuuliza mwanangu maswali ambayo mimi nilitazama sakafu yakiulizwa: kama amewahi kupata vidonda, malengelenge, maumivu wakati wa haja ndogo. Mwanangu akajibu hapana kwa kila kitu.

"Sasa nani aliyekwambia upime hiki?"

Mwanangu akanigeukia. Mimi nikainua mkono kama mwanafunzi.

Daktari akanitazama, hakunicheka. "Mama, mtu asiye na dalili yoyote huwa hatumpimi hiki kwa kubahatisha. Ngoja nikueleze kwa nini. Kipimo hiki hakimtafuti mdudu mwenyewe. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili unawatengeneza ukishakutana na mdudu. Tatizo ni kwamba askari wanafanana. Mashine inaweza kumwona askari wa vita vingine ikasema ni wa vita hivi."

"Lakini imeandika chanya," mwanangu akasema.

"Imeandika. Chanya maana yake mashine inasema imeona kitu. Siyo nzuri, siyo mbaya." Hapo mimi nilitaka sakafu inimeze. "Kwa mashine hii, chini ya sifuri nukta tisa inaandika hasi. Kuanzia moja nukta moja inaandika chanya. Hapo katikati inakiri haijui. Wewe una moja nukta sita. Ni chanya ya chini sana. Namba za chini hivi, mpaka kukaribia tatu, zinakosea mara nyingi. Ukiwachukua watu kumi kama wewe, si ajabu nusu yao au zaidi wakawa hawana chochote."

Nilisahau ahadi yangu. "Kwa hiyo ana au hana?"

"Sijui, mama. Na hii karatasi nayo haijui. Tutapima tena kwa kipimo cha namna nyingine, damu itapelekwa maabara kubwa. Na kama kuna mtu alikutana naye karibuni, lazima zipite kama wiki kumi na mbili ndipo jibu lisimame vizuri. Hilo nitaongea naye peke yake."

Nikaelewa, nikainuka. Nilipofika mlangoni nikamsikia mwanangu anauliza kwa sauti ndogo ambayo sijaisikia tangu ang'oke jino la kwanza: "Na kama ni kweli ninayo?"

"Kama ni kweli," daktari akasema, "utaolewa, utazaa, utazeeka. Watu wengi sana wanayo, wengi wao hawajui hata kama wanayo. Kuna dawa za kutuliza na za kupunguza kumwambukiza mwenzako. Utamwambia yeye, na ukishika mimba utamwambia mkunga. Mtu hafi kwa hiyo. Wanaoumia wanaumizwa zaidi na midomo."

Nilifunga mlango nyuma yangu. Midomo. Nilikaa kwenye benchi la nje na mdomo wangu.

Jumamosi Robo akaja kazini kwangu na mfuko wake wa vifaa. Alikuwa amekonda shingo. Mimi nilikuwa kwenye pasi, mwanangu uani anaanika shuka, na uani kwangu ukianika shuka sita humwoni mtu, unaona vidole na miguu tu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mizani ni nzima, Robo."

"Najua."

Tukatazamana. Nilitaka kumwambia nisamehe, lakini alikuwa hakuja kwangu. Nikamwonyesha ua kwa kidevu. Dirisha langu la pasi linafunguka huko, na moto wa pasi sikuweza kuuacha, kwa hiyo nilisikia. Siwezi kusema sikusikia.

"Mwalimu."

"Usisogeze shuka. Ongea hapohapo ulipo."

"Nimekuja kulifuta lile swali."

"Lipi?"

"Nani."

Maji yalikuwa yanadondoka kwenye beseni la bati.

"Wiki nzima nimejiuliza mwenyewe," Robo akasema. "Usiku nakuota wewe, mchana namwota huyo mtu ambaye sijui hata kama yupo. Jana nikiwa kazini nikamwambia mteja mizani yake imekufa, kumbe mimi ndiye nilikuwa naisoma kichwa chini."

"Na kama yupo?"

"Yupo nani?"

"Huyo mtu. Kama kabla yako alikuwepo?"

Nikapiga pasi kola za mashati mawili.

"Basi alikuwepo kabla yangu," akasema. "Mimi sikuwa nimefika."

Nikaona vidole vya mwanangu vinashika ukingo wa shuka, vikaachia. Kisha akamwambia mwenyewe, kwa mdomo wake, yote aliyoambiwa na daktari: askari, mashine, namba. Wala hakutetemeka.

"Rudia hiyo namba," Robo akasema. Sauti yake ilibadilika. Ilikuwa ya fundi.

"Moja nukta sita."

"Na inaanzia wapi kuandika chanya?"

"Moja nukta moja."

"Na ikiwa kweli ipo, inafika ngapi?"

"Daktari anasema wengine tano, wengine kumi na zaidi."

"Mwalimu, hakuna mizani ninayoiamini karibu na mwanzo wake. Ukipakia gunia inasema kweli, ukipakia leso inabuni. Hiyo yako inaweza kuwa..." Akasita. "Inaweza kuwa robo kilo ya hewa."

Nikasikia sauti ambayo sikuitambua mara moja. Mwanangu alikuwa anacheka, au analia, au vyote.

"Na isipokuwa hewa?" akauliza.

"Ikiwa ni uzito, basi ni uzito. Tutaujua ni kiasi gani na tutaubeba wawili. Mimi naogopa, sitakudanganya. Ila nyumbani bila wewe naogopa zaidi."

"Shangazi yako?"

"Shangazi anataka kuona karatasi kwanza."

"Hataiona."

"Nimeshamwambia hataiona."

Shuka likainuka. Sikutazama tena, niliinamia kola yangu. Baadaye nilipokwenda kuanua nikakuta alama ya kiganja chenye grisi katikati ya shuka jeupe la mteja, vidole vyote vitano. Nikalirudisha kwenye beseni, nikalifua upya, na sikununa.

Damu ikapelekwa. Majibu yakaja, wakaenda kuyachukua wawili. Waliporudi nilisimama mlangoni mikono imejaa povu, nikatafuta jibu kwenye nyuso zao. Walikuwa wameshikana mikono, macho mekundu, wametulia. Watu wanashikana mikono kwa mazuri, na kwa magumu pia. Mwanangu aliniona ninavyomsoma.

"Mama, hutaniuliza?"

Neno lilikuwa limeshafika menoni. Nikalimeza.

"Sitakuuliza."

Nikaosha mikono, nikajitanda kanga, nikaenda kwa shangazi. Mbele yake ndipo niliposoma karatasi ile, na kwake ndiko kwenye deni langu.

Nilimkuta kibarazani anachambua mchele. Akanivutia kiti, na kabla sijakaa vizuri akauliza, "Enhe, majibu?"

"Nimekuja kuomba radhi."

"Ya nini tena? Si ulisoma tu kilichoandikwa?"

"Nilisoma kisichokuwa changu. Nikamvua nguo mwanangu mbele yenu, nikadhani namvisha."

Mkono wake ukasimama juu ya ungo. "Sawa. Lakini mwenzangu, mimi ndiye niliyemlea yule kijana. Ana au hana?"

"Sijui."

"Hujui! Mama mzazi?"

"Sijaambiwa, na sijauliza."

Akanitazama usoni. Mimi sikuinamisha uso, ingawa masikio yalikuwa yanawaka moto. Kisha ni yeye aliyeinamisha wake.

"Mimi nilikaa dirishani miaka kumi na tisa," akasema. "Karatasi za watu zote zilipita mikononi mwangu. Siku ile ulipotaja herpesi mara ya kwanza nilijua unasoma nini. Ningeweza kukwambia, mwenzangu, ikunje, tutaongea mimi na wewe. Nikakuacha umalize." Akachagua kijiwe kimoja kwenye mchele, akakitupa mbali. "Nilitaka nisikie mpaka mwisho."

Tukakaa hivyo, wanawake wawili wenye aibu moja, hakuna aliyeweza kumcheka mwenziwe. Akausogeza ungo katikati yetu, nami nikaanza kuchambua upande wangu.

"Tarehe," akasema. "Wao wanataka mwezi ujao."

"Mwezi ujao unatosha kupiga pasi shati," nikasema, na akatabasamu nusu.

Niliporudi, kapu la nguo lilikuwa mlangoni, na juu kabisa ile sketi. Nikaingiza mkono mfukoni kama amri yetu inavyotaka. Ilikuwemo karatasi, imekunjwa mara nne.

Mama mwenzangu, sijawahi kushika kitu chepesi kizito namna ile. Nilijua jibu limo humo, kidole kimoja tu kingetosha. Nikaipangusa, nikaiweka kwenye rafu, pale ninapoweka vya wateja, nikarudi kwenye pasi yangu. Ndipo nikaona kivuli mlangoni; sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini.

"Mama, umepekua?"

"Nimepekua."

"Umekuta nini?"

"Karatasi ya mteja."

Mwanangu akaingia, akaichukua kwenye rafu. Akavuta kigoda, akaketi karibu na joto la pasi, mahali alipokuwa anaketi alipokuwa mdogo akinisubiri nimalize kazi.

"Zima pasi, mama," akasema. "Leo mteja anataka kukusomea mwenyewe."